Samaki Wawili Ndani ya Chupa ya Jamu

Ijumaa, 1 Machi

Mume wangu, utamu wa roho yangu,

Umeondoka siku nne tu na nimeshalichukia neno "subiri". Mama yako ananiambia subiri. Breki, yule dereva wa gari la kituo chenu cha utafiti wa samaki, ananiambia subiri, barua inaondoka Ijumaa na majibu yanarudi Alhamisi, yeye si ndege. Hata kitanda kinaniambia subiri, maana nikijigeuza upande wako nakutana na ukuta. Nani aliyepanga mtu aolewe tarehe kumi Februari na mumewe achukuliwe tarehe ishirini na sita? Huyo mtu hajawahi kupenda.

Najua, najua. Umenieleza mara mia. Miezi mitatu ya majaribio, ukifaulu unapewa kazi ya kudumu na nyumba ya vyumba viwili hapo hapo kituoni, na mimi nakuja. Tarehe ishirini na saba Mei. Nimeshaichora hiyo nyumba nyuma ya kalenda, mlango, madirisha, hata mahali pa kuanika nguo zako. Mama aliuona mchoro akauliza, "Na mimi nitalala wapi nikija kuwatembelea?" Ikabidi nichore chumba cha tatu kwa penseli.

Samaki wetu sita wanakusalimu kutoka mezani. Siku ya harusi shangazi yako alipoingia ukumbini na tangi la kioo lenye samaki wanane wadogo, wenye mikia kama vitambaa vya hariri, wenzake walioleta masufuria walimcheka. Mimi hapo hapo nilijua hiyo ndiyo ndoa yetu, ina maji na ina rangi. Ndiyo maana nikakupa wawili uondoke nao kwenye chupa ya jamu, dume na jike, ili usiku tuwe tunaangalia kitu kimoja. Yule jike nilimchagua makusudi. Ndiye peke yake aliyekuwa na kijiuzi chekundu kikichungulia chini ya mkia. Nikasema huyu kajipamba, huyu ndiye bi harusi, aende na mume wangu.

Simu huko bondeni haishiki, basi tuandikiane mpaka karatasi ziishe dukani. Usinifupishie.

Mkeo wa siku ishirini


Jumatano, 6 Machi

Mke wangu,

Nimefika salama na kazi nimeishika. Maneno matamu nimekuachia wewe, mimi nitakueleza tu ninachokiona.

Chumba cha samaki ni kirefu, hakina dirisha, kina joto kama jikoni. Matangi arobaini yamepangwa kwenye rafu za chuma, na kutwa nzima unasikia maji yanatiririka, kama mtu aliyesahau kufunga bomba. Samaki wenyewe hawazidi kidole kwa urefu, wana milia ya buluu. Daktari, yule mama mwenye kituo, anachunguza mioyo yao. Samaki huyu ukimkata kipande kidogo cha moyo, baada ya miezi miwili kinaota tena, mzima kabisa. Nilipoambiwa hivyo nilikukumbuka wewe, nikajua utaniuliza kama inauma. Wanalazwa kwa dawa kwanza, hawasikii.

Ukoo huu wa samaki Daktari ameulea miaka mitatu. Kila mmoja anajulikana baba yake na babu yake kwa namba. Kwa hiyo mlangoni kuna kanuni imeandikwa kwa herufi kubwa: samaki mgeni haingii chumba hiki kabla ya kukaa siku thelathini peke yake katika chumba cha nje. Daktari hacheki ukiigusa kanuni hiyo.

Anayecheka ni Kiroboto. Ni mtu wa makamo, yuko hapa miaka sita, analala kwenye chumba cha pampu. Jina amelipata kwa kazi yake: kila asubuhi anaingia bwawani na kimia chake kuvua viroboto wa maji, vidudu vidogo kama vumbi, ambao ndio chakula kizuri cha samaki. Mimi ameshanipa jina la Bwana Harusi. Akinikuta nimesimama anauliza, "Bwana Harusi, uko kazini au uko kwako?"

Jozi yetu iko dirishani kwangu kwenye chupa yake. Wazima.

Mumeo


Ijumaa, 15 Machi

Mume wangu, asali ya nyuki wangu,

Wiki iliyopita sikukuandikia kwa sababu Breki aliondoka kabla ya saa yake. Nilimkimbilia na bahasha mkononi mpaka kwenye kona, kiatu kimoja kikanivuka, na yeye akiniangalia tu kwenye kioo. Leo amesema hakuniona. Mtu anayeitwa Breki, na siku moja ninayotaka afunge breki, hafungi.

Nimeisoma barua yako mpaka imelainika kama kitambaa. Samaki anayeota moyo. Nimemsimulia Mama, nimemsimulia fundi cherehani wa jirani, wote wakasema mumeo ana kazi nzuri. Nilijisikia kama mimi ndiye niliyewakata hao samaki na kuwaponya.

Huku ni upweke tu na kelele za vyombo. Mama ananifundisha kupika unavyopenda, na kila ninachopika anakionja, anasema, "Utajifunza." Nimechoka kujifunza, mume wangu. Nataka kukosea jikoni kwangu mwenyewe, ule wewe, useme ni kitamu hata kama unaniongopea.

Samaki wetu sita ni wazima, wanacheza kama siku ya harusi. Tangi nimelifunika kwa shuka siku mbili hizi wapumzike, mwanga usiwasumbue. Na wako je? Unawaangalia vizuri? Unawaangalia mwili mzima, mpaka chini ya mkia? Wanakula? Hawajakonda? Nauliza tu, si lolote. Mke ana haki ya kuulizia watoto.

Mkeo wa siku thelathini na nne


Jumatano, 20 Machi

Mke wangu,

Samahani, hii itakuwa fupi. Mambo hapa yameharibika.

Wiki mbili sasa samaki wanakonda. Wanakula lakini wanakonda, matumbo yameingia ndani. Ilianza safu ya chini, sasa ni kila safu. Jana tumeokota kumi na tisa wamekufa. Wiki iliyopita Daktari alimpasua mmoja, akamweka chini ya hadubini, akatazama mara tatu. Halafu akasema, "Minyoo."

Ameagiza dawa mjini. Ofisi ya manunuzi imejibu kwamba ombi linahitaji sahihi tatu, na mwenye sahihi ya pili yuko likizo. Daktari aliposoma jibu hilo aliikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Sasa swali ni moja tu kila siku: imeingiaje? Minyoo ya namna hii hukaa ndani ya vidudu vya majini, samaki akivila, anaipata. Kwa hiyo macho yote yako kwa Kiroboto na bwawa lake. Yeye anasema kimia ni kile kile na bwawa ni lile lile miaka sita, kwa nini iwe mwaka huu?

Jozi yetu wazima. Wanakula. Usiwe na wasiwasi.

Mumeo


Ijumaa, 22 Machi

Mpenzi wangu, mwanga wa dirisha langu,

Barua yako ni nusu ukurasa. Nimeigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, nikakuta alama ya kikombe chako cha chai, nikaibusu hiyo alama. Umeona unavyonifanya?

Pole sana kwa samaki wa Daktari. Nimefurahi kwamba wetu hawajaguswa, hapo kwako na hapa kwangu. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kama jozi yako ni nzima, basi mimi nalala.

Kuna jambo nimelisikia, sikumbuki kwa nani. Kwenye maduka ya dawa za mifugo kuna dawa ya minyoo ya mbuzi, ya maji, wanasema hata samaki inawafaa. Matone machache, unafunika tangi giza siku nzima kwa sababu mwanga unaiharibu dawa, halafu unanyonya uchafu wa chini kwa mpira, maana minyoo inalegea na kuanguka, haifi yote. Baada ya wiki tatu unarudia. Nimesikia tu. Mwambie Daktari, lakini usimwambie ni mimi.

Na huyo Kiroboto msimwonee. Mtu anayekuita Bwana Harusi hawezi kuwa mbaya.

Mkeo wa siku arobaini na moja


Jumatano, 3 Aprili

Mke wangu,

Hii barua isome ukiwa peke yako.

Wiki iliyopita sikukuandikia kwa sababu nilianza mara nne na mara nne nikaichana. Ile habari yako ya dawa ya mbuzi nilimwambia Kiroboto, tukacheka, akasema, "Mkeo anatutakia maziwa." Sikumfikishia Daktari. Wakati huo bado tulikuwa tunacheka.

Sasa zaidi ya nusu ya samaki wamekufa. Daktari ameandika barua ya kumwachisha Kiroboto kazi kwa uzembe wa kuleta chakula kichafu. Ataitia sahihi Jumatatu, tarehe nane. Kiroboto amesikia. Leo nimemkuta chumba cha pampu anafunga virago, kimia chake amekikausha na kukikunja kama shati la sikukuu. Akaniambia, "Bwana Harusi, mimi sijui kuandika barua ya kujitetea. Ungeniandikia wewe, umezoea." Nikamwambia nitaandika. Sijaandika neno.

Sikukuambia ukweli kuhusu chupa. Siku ya tatu tu nilipofika, maji yake yalichafuka nikaona wale wawili watakufa. Nikawatia kwenye tangi la mwisho, safu ya chini, kwa siku nne mpaka nipate chombo kikubwa. Kanuni iko mlangoni, naipita kila siku. Nilijiambia tangi moja la pembeni halina neno. Kumbe maji ya matangi yote arobaini yanazungushwa na bomba moja, kilichoanguka tangi moja kinafika yote. Chombo sikupata, nikawarudisha chupani kwenye maji mapya, na siku kumi baadaye wakafa wote wawili. Nilidhani ni maji ya chupa. Nimewazika nyuma ya chumba cha pampu. Nilipokuandikia "wazima" mara ya pili, tarehe ishirini Machi, walikuwa tayari chini ya udongo. Niliogopa utalia na kusema ni mkosi wa ndoa.

Sasa nisikilize. Wale sita wako ni ndugu wa wale wawili, wametoka maji yale yale. Kama hao sita ni wazima, basi wangu walikuwa wazima, minyoo imetoka bwawani kweli, na mimi sina la kusema kwa mtu. Nitamaliza miezi yangu na nyumba tutaipata. Kama si wazima, ni mimi. Na nikisema ni mimi, hakuna nyumba.

Umeshaniandikia kuwa ni wazima. Niandikie tena, kwa sentensi moja, bila maua. Breki nimemwomba akusubiri.

Mumeo


Ijumaa, 5 Aprili, asubuhi

Mume wangu,

Si wazima. Hiyo ndiyo sentensi, haina maua.

Breki yuko mlangoni anapiga honi na Mama anamwambia asituharibie asubuhi. Ngoja nikuambie yote haraka.

Wiki ya kwanza ya Machi niliona vile vijiuzi vyekundu kwa watatu kati ya sita. Nikadhani wameanza kujipamba wote. Nikamwita Mama aje aone. Mama akavaa miwani, akatazama, akasema, "Mwanangu, hivyo vinatembea." Nilikwenda kwa muuza samaki, akaniuliza swali moja tu, "Vyekundu?" kisha akanielekeza duka la dawa za mifugo. Pale nilipanga foleni nyuma ya mtu mwenye kamba ya mbuzi mkononi, na muuzaji aliponiuliza nina mbuzi wangapi, nikasema sita. Nilijua akisikia ni samaki watanicheka duka zima.

Ndiyo ile shuka niliyokuambia nimewafunikia wapumzike. Ilikuwa dawa. Wawili wamekufa, wanne wamepona. Na ule uchafu wa chini nimeunyonya kwa mpira kwa mikono hii uliyoivisha pete, nikitapika kidogo.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu shangazi yako alituambia tuwatunze kama ndoa, na mimi ndani ya mwezi mmoja nikawa nimewaua wawili. Niliona aibu. Nikakuuliza kwa kuzunguka kama jozi yako ina kitu chini ya mkia, ukasema wazima. Basi nikaamini ugonjwa umeanza hapa kwangu baada ya wewe kuondoka, labda kwa chakula nilichowapa, na wewe hukuwa na haja ya kujua. Wewe ukawa unaniamini mimi, mimi nakuamini wewe, na samaki wa watu wanakufa.

Kuna kibaya zaidi. Yule jike niliyekupa. Rudi kwenye barua yangu ya kwanza uone nilimchagua kwa sababu gani. Alikuwa mgonjwa mkononi mwangu, nikamwita bi harusi.

Nimekaa na ule mchoro wa nyumba mbele yangu tangu alfajiri. Nisingehitaji kusema uongo mpya, ningerudia tu ule wa zamani. Ningeandika neno moja na Mei ningekuwa naanika nguo zako. Lakini mbele ya sebule nilishachora na chumba cha pampu, tangu uliponiandikia habari zake, na kila nikikitazama namwona mtu anakunja kimia. Nimeshindwa. Nisamehe kwa kushindwa.

Nimempa Breki chupa tatu za dawa, zote zilizokuwepo dukani. Jana jioni nilimwambia muuzaji mbuzi wangu wameongezeka. Mpe Daktari. Mwambie ni mimi.

Mkeo wa siku hamsini na tano, kama bado unamtaka


Ijumaa, 12 Aprili

Mume wangu,

Breki amerudi mikono mitupu. Nimemwuliza, "Hakukupa kitu?" Akasema hukumpa kitu. "Hata neno?" Akasema ulikuwa umesimama bwawani, maji magotini, hukugeuka. Nimempa hii. Sina la kuongeza. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi.

Mkeo


Jumatano, 17 Aprili

Mke wangu,

Nilikukasirikia. Nakuambia wazi. Siku mbili nilikukasirikia wewe, siku tatu zilizofuata nikajikasirikia mimi, halafu nikawa sijui tena hasira ni ya nani, ikawa inakaa tu kifuani.

Nimeitoa barua yako ya kwanza chini ya godoro. Iko pale, mstari kwa mstari, kijiuzi chekundu chini ya mkia. Uliniambia kabla ya tatizo lolote. Nilisoma nikatabasamu, nikaikunja. Nilikuwa nakunywa barua zako kama chai, naonja sukari tu. Mtunza samaki gani anasoma hivyo?

Jumatatu ile, kabla Daktari hajashika kalamu, nilimweleza. Nilisimama karibu na ile meza inayoyumba. Chupa ya jamu, tangi la safu ya chini, siku nne, kila kitu. Kiroboto alikuwa mlangoni na virago vyake. Daktari aliuliza, "Ulijua kanuni?" Nikasema nilijua. Akauliza, "Na huyu ulimwacha afunge mizigo?"

Nikampa chupa zako. Akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake, akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka. Ni dawa ile ile aliyoiagiza, ile ya sahihi tatu. Karibu wiki nne anaisubiri, na ilikuwa kwenye rafu ya duka la mbuzi.

Matangi kumi na mawili yamepona. Ishirini na nane tumeyamaliza, samaki wote, kwa mikono yetu. Sitakusimulia siku hiyo. Kazi ya miaka mitatu imebaki robo na kidogo.

Sikufukuzwa. Miezi mitatu yangu inaanza upya tangu tarehe nane Aprili, lakini si chumba cha samaki. Ni bwawani, kuvua viroboto. Kiroboto ndiye amepewa chumba cha samaki, na nyumba. Anayo barua yake kwako, ameniambia niandike anayosema nisipunguze hata neno.

Tangu leo mimi na wewe kila barua ianze na baya. Jema lifuate kama lipo.

Mumeo


Siku hiyo hiyo, kwa mkono wa mumeo

Bi Harusi,

Mimi ndiye Kiroboto. Mumeo anaandika, mimi nasema, na nimemkalia karibu namwangalia mkono.

Nilitaka kumpiga. Nilimkuta bwawani, nikavua shati, halafu nikaona anavyoshika kimia changu. Anakishika kama mgeni aliyepewa mwiko jikoni. Nikasema huyu ameshapigwa. Nikavaa shati.

Nyumba nimepewa mimi. Najua uliichora. Sitawapa. Nimelala na pampu inaniguruma sikioni miaka sita, sasa nina vyumba viwili na ukimya, na sijamaliza kuusikiliza. Lakini una haki ya kusikia kwangu kwamba uliandika ukweli ukiwa na nyumba mkononi. Mimi ningekuwa wewe, sijui. Kweli sijui.

Mumeo ameacha kuandika hapa, anajifanya kalamu imekwisha wino. Nimempa nyingine.

Dawa yako ya mbuzi nilimcheka nayo. Kosa langu hilo. Lingine, ukija kumtembelea, usije na chupa yoyote. Hata ya jamu yenye jamu. Nitakusimamisha getini.

Kiroboto


Ijumaa, 26 Aprili

Mume wangu,

Baya kwanza, kama tulivyokubaliana.

Baya la kwanza: nimekukasirikia na mimi, ndiyo maana wiki iliyopita hukupata barua. Uliwazika bila mimi. Nilikuwa nalala nikidhani tunaangalia kitu kimoja, kumbe naangalia peke yangu.

Baya la pili: nilimweleza Mama kuhusu nyumba. Alikwenda kwenye kalenda, akachukua kifutio, akafuta kile chumba chake cha penseli. Akasema, "Hicho kilikuwa kinaziba upepo." Nililia jikoni. Sijui kama hilo ni baya au jema, nimeliweka hapa.

Baya la tatu: jamaa za shangazi wanauliza kwa nini samaki ni wanne. Nimewajibu wawili walikufa kwa minyoo na wawili nilimpa mume wangu wakiwa wagonjwa. Shangazi mwenyewe akaniambia kwamba alipowanunua, muuzaji alimpunguzia kwa sababu kulikuwa na wawili wamekonda. Hakutaka kusema siku ya harusi. Basi tuko watatu tulioficha.

Baya la nne: kuanzia tarehe nane Aprili miezi mitatu inaisha tarehe nane Julai. Hakuna nyumba, hata hivyo nimeihesabu. Nimechoka kuhesabu na siwezi kuacha. Nikilala upande wako wa kitanda ukuta hauhami. Kama watakubakiza bwawani na kukupa kile chumba cha pampu, nichukue na pampu yake. Itaguruma masikioni mwangu na nitakuwa nakusikia chini yake.

Jema: jike mmoja amezaa juzi asubuhi. Kumi na saba, wadogo kama kope za mtoto, na macho yao makubwa. Nilipiga magoti mbele ya kioo nikawahesabu mara tatu. Nimewatoa wote nikawaweka kwenye beseni lao peke yao, na mpira wao, na kimia chao ambacho hakigusi tangi lile. Nimeandika tarehe kwenye karatasi nikaibandika ukutani. Kila asubuhi natazama mmoja mmoja chini ya mkia kwa miwani ya Mama, naye anasimama nyuma yangu akiuliza, "Na huyo? Na yule?"

Siku ya thelathini nitakuandikia nilichokiona, kiwe nini kiwe. Na safari hii, mume wangu, asali ya nyuki wangu, hata ukinililia, sikutumii hata mmoja.

Mkeo wa siku sabini na sita